Hoteli Isiyo na Vitanda

Jilala alikuwa ameshaupita mnada wa ng'ombe, yuko juu ya baiskeli, anaelekea barabara ya Geita. Nyuma alikuwa amefunga sururu, tindo na blanketi. Mke wake, Paskalina, alimkimbilia akiwa na kifurushi cha matobolwa, vile viazi vikavu vya safari.

"Baba Martina! Umesahau chakula!"

Jilala aliweka mguu mmoja chini. Hakushuka.

"Sikusahau. Nilijua ukinifuata na chakula utanifuata na maneno."

"Basi vyote nimekuletea. Pokea."

Jilala alikuwa anakwenda kwenye rashi. Rashi ni pale dhahabu inapoonekana porini na watu wote wanakimbilia huko. Mwaka huo wa 1999 wachimbaji wa Kahama walihama karibu wote. Wachimbaji hao ndio waliokuwa wakila kwenye hoteli ya Jilala na Paskalina. Hoteli hiyo iliitwa Shibe. Sasa mabenchi yalikuwa matupu, na sufuria kubwa ilikuwa imegeuzwa juu chini.

Lakini Paskalina hakuogopa njaa peke yake. Zamani Jilala alikuwa mchimbaji, pamoja na kaka yake, Mabula. Siku moja matimba, yaani magogo ya kuzuia udongo, yalivunjika. Duara, yaani shimo la dhahabu, lilimfukia Mabula. Jilala alimfukua kaka yake kwa mikono. Alipomaliza mazishi aliapa hataingia tena shimoni. Ndipo wakafungua Shibe.

"Uliapa," Paskalina alisema.

"Niliapa nikiwa nimeshiba. Martina anahitaji sare ya shule. Nifanye nini?"

"Subiri. Tovuti itatuletea watu."

Jilala alicheka kwa uchungu. "Tovuti! Mama Martina, hata inzi hajaja hapa kwa kompyuta. Inzi wanapita mlangoni kama zamani."

Tovuti ni kurasa zinazowekwa kwenye kompyuta. Mtu aliye mbali anafungua kompyuta yake, inapita kwenye waya wa simu, naye anazisoma kurasa hizo. Wakati ule neno lenyewe lilikuwa geni. Pale Kahama watu walisema tu "ile ya kompyuta". Tovuti ya Shibe ilitengenezwa na Marselino, mdogo wake Paskalina, aliyekuwa chuoni Dar es Salaam. Alikuja likizo, akapiga picha, akauliza maswali, akarudi zake. Baadaye alituma habari: "Dada, tayari. Dunia nzima inawaona." Dunia ilikaa kimya.

Jilala alikanyaga pedali, akaondoka. Paskalina alirudi nyumbani akiwa amejishika kiuno.

Hakukaa sana. Kabla jua halijawa kali, gari kubwa lenye vumbi lilisimama mbele ya Shibe. Juu ya gari palikuwa na baiskeli. Jilala akashuka wa kwanza, uso umechangamka.

"Mama Martina, washa moto! Hawa wamenisimamisha njiani wanaulizia Hoteli Shibe. Wameiona kwenye kompyuta!"

Ndani ya gari walikuwamo Wazungu wawili, mwanamke na mwanamume, wataalamu wa miamba kutoka Kanada. Dereva wao aliitwa Eustace, mtu wa Bukoba. Walikuwa wamesafiri tangu jana yake. Yule mwanamke alishuka, akanyoosha mgongo, akashusha mabegi. Akasema jambo kwa Kiingereza.

"Anauliza vyumba viko wapi," Eustace alisema.

"Vyumba vya nini?" Paskalina aliuliza.

"Vya kulala, mama. Anataka kuoga kwanza."

Paskalina alimtazama mumewe. Jilala aliyatazama mabenchi.

"Hapa hatulazi watu," Paskalina alisema. "Hapa ni hoteli."

"Ndiyo. Hoteli. Vyumba viko wapi?"

"Hoteli ya kula! Wali, ugali, maharage, nyama, sato akipatikana. Wewe Eustace, kwenu Bukoba ukienda hotelini unavua viatu?"

Eustace alianza kucheka, akajizuia. Aliwageukia wale wageni akawaeleza. Yule mwanamke hakucheka. Alikuwa amechoka hata macho yamekuwa mekundu. Alisema maneno machache makali, akaanza kurudisha mabegi.

"Anasema ni udanganyifu," Eustace alinong'ona. "Kule kwenye kompyuta Shibe mmepangwa na nyumba za kulala. Kwa Kiingereza hoteli ni kulala, mama. Chakula ni nyongeza tu."

Hapo ndipo jambo lilipofumbuka. Sisi wengine tumekula kwenye hoteli maisha yetu yote bila kulala hata usiku mmoja. Neno ni lilelile, kumbe wao wanaona kitanda na sisi tunaona sahani.

Paskalina hakuacha waondoke na njaa. Aliwakaangia mayai na chapati, akawatengea chai ya maziwa. Waligoma kidogo, kisha wakala. Yule mwanamke aliomba chapati nyingine. Halafu akauliza swali, naye Eustace akalitafsiri:

"Anauliza, huwa mnapeleka chakula kambini? Kwenye kambi yao wanakula vya makopo mpaka ulimi umekufa ganzi."

"Hatujawahi," Paskalina alijibu. "Lakini tunaweza."

Walikwenda kulala gesti ya jirani. Siku iliyofuata waliondoka, na hawakuagiza kitu. Jilala hakuishusha sururu kwenye baiskeli.

"Umeona tovuti yako?" alisema. "Imeleta watu wa kututukana."

"Imeleta watu," Paskalina alisema. "Jana ulisema haileti hata inzi. Nipe muda mpaka mahindi yabebe. Nitakwenda Shinyanga kwa Jinal. Ikishindikana, sitakukimbilia tena barabarani."

Jilala alikubali kwa kichwa.

Paskalina alipata lifti ya gari la tumbaku lililotoka Ushetu. Likapita Isaka, likapita Tinde, likamshusha mjini Shinyanga karibu na duka la Lalji. Mzee Lalji aliuza kamba, misumari na puli za kuvutia maji. Binti yake, Jinal, alikuwa na kompyuta chumba cha nyuma. Aliwaandikia watu barua na kuwatumia ujumbe mpaka ng'ambo.

"Shikamoo, Mzee Lalji."

"Marahaba, Mama Martina. Umekuja mikono mitupu? Ile karanga ya kusaga iko wapi?"

"Mzee, karanga imeliwa na shida."

"Hiyo shida ina meno mazuri. Pita ndani."

Jinal alizaliwa Shinyanga, na Kisukuma chake kilikuwa safi. "Mwangaluka, mayu," alisema, yaani umeamkaje, mama, na Paskalina akaitikia. Kisha alisimulia yote, tangu baiskeli mpaka mabegi. Jinal alicheka mpaka akashika meza, halafu akaacha alipoona mwenzake hacheki.

"Pole, mayu. Hebu tuone Marselino alifanyaje."

Kompyuta ilipiga simu. Ilikwaruza kama kinu cha kusaga kisicho na mafuta. Kurasa zikaanza kufunguka polepole, mstari kwa mstari. Mara zikasimama.

"Baba!" Jinal alipaza sauti. "Umenyanyua simu!"

"Namtafuta mtu wa misumari!" Lalji alijibu kutoka dukani.

"Weka chini! Umetukata!"

"Simu yangu, nyumba yangu, nakatazwa kupiga simu," mzee alilalamika, lakini akaiweka chini. Jinal akaanza upya.

"Mayu, mnada wa Mhunze unaujua?"

"Nimezaliwa jirani pale. Utaniuliza?"

"Mbuzi wanauzwa wapi?"

"Upande wa mbuzi."

"Ukimpeleka mbuzi wako upande wa mitumba?"

"Watanicheka. Na mbuzi atakula mashati."

"Basi. Tovuti ziko nyingi sana duniani. Mtu atajuaje kama Shibe ipo? Kwa hiyo kuna saraka. Saraka ni orodha kubwa ya tovuti, imepangwa kama mnada. Huku nyumba za kulala, huku sehemu za kula, huku mafundi. Tena imepangwa kwa nchi na kwa mji. Mwenye shida anakwenda upande wa shida yake. Marselino alifanya jambo jema, aliwapeleka mnadani. Lakini aliona neno linalofanana na hoteli, akamfunga mbuzi hapo hapo."

"Hapo tu?"

Jinal aliguna. "Amewafunga kila mahali. Kwenye kulala. Kwenye kutazama wanyama. Hata kwenye mapambo ya dhahabu. Na kila mahali ametuma mara nyingi. Alifikiri wingi ndio utakaowainua."

"Si ni vizuri kuonekana kote?"

"Hapana gete, hapana kabisa. Kule kuna watu, mayu. Ukiomba kuingizwa kwenye saraka, mtu anaifungua tovuti yako na kuisoma. Anatakiwa akuamini. Akikuta umejaza kila upande anakuona msumbufu, anakufuta. Saraka mbili zimeshawafuta."

Paskalina aliinamisha kichwa. Akilini alimwona Jilala akishuka kwenye duara kwa kamba. Kamba kama zile zile zilizoning'inia dukani kwa Lalji.

"Tumeharibu kabisa?"

"Hamjaharibu. Tunarekebisha. Lakini tunaanza na nyumba yenyewe kabla ya kualika wageni. Tovuti yenu inasema nini? 'Hoteli bora kuliko zote Afrika ya Mashariki.' Nani kasema?"

"Marselino. Mimi nilipenda."

"Mgeni hapendi. Niambie kwa maneno yako. Mnafanya nini?"

"Tunapika."

"Nini?"

"Wali, ugali, nyama, maharage, chapati. Asubuhi chai na supu."

"Kuna kingine?"

Paskalina alikumbuka swali la yule mwanamke mwenye macho mekundu.

"Tunaweza kupeleka chakula kambini. Asubuhi na mchana. Mume wangu atapeleka."

"Mume wako anajua?"

"Atajua nikirudi."

Jinal aliandika hayo, akaweka kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Mwanzoni kabisa aliandika: "Hatuna vyumba vya kulala." Kisha akauliza mahali walipo.

"Mkabala na jineri ya pamba ya zamani, nyuma ya kwa Ghati."

"Mtu wa Kanada anamjua Ghati?"

"Ghati anajulikana!"

"Andika Kahama, Mkoa wa Shinyanga, Tanzania. Ghati ataelekeza wakishafika. Na simu?"

"Ya duka la dawa la jirani. Wananiita."

"Sawa. Jina hilo, mji huo na simu hiyo viandikwe vilevile kila mahali, bila kubadili hata herufi. Kila kimoja kikisema lake, mtu atadhani Shibe ziko tatu."

Kisha Jinal alisoma saraka moja baada ya nyingine kabla ya kuandika lolote. Alitazama biashara kama ya Shibe zimewekwa wapi. Alipopata upande wa vyakula na upishi, chini ya Tanzania, alijaza ombi mara moja tu. Kwenye zile zilizowapanga na nyumba za kulala aliomba wahamishwe, akaeleza kosa bila kuficha. Kwenye zile zilizowafuta aliomba radhi. Ujumbe wowote ungefika kwake, naye angepiga simu Kahama.

"Sasa nifanye nini?" Paskalina aliuliza.

"Usubiri. Usitume tena. Na mtu akikuambia umlipe akuweke juu ya orodha zote, mkimbie. Zile nilizojaza hazilipishi. Mkibadilisha simu au vyakula, niambie, tubadilishe kule pia."

Kusubiri kulikuwa kugumu. Jilala alisikia habari ya kupeleka chakula kambini akatikisa kichwa, lakini alinunua mabeseni yenye vifuniko na kutengeneza kibebeo cha mbao juu ya baiskeli. Sururu aliihamishia ukutani. Jioni aliinoa tindo yake mlangoni, na Paskalina alijifanya hasikii ule mlio. Mahindi yakachanua. Yakaanza kutoa nywele.

Ndipo mtu wa duka la dawa akaita: "Mama Martina! Simu, Shinyanga!"

Alikuwa Jinal. "Mayu, kuna kambi ya watafiti njia ya kwenda Geita. Si wale wenu. Hawa ni wengine, hawajawahi hata kufika Kahama mjini. Wamewaona kwenye saraka, upande wa chakula. Wanataka mpishi awape chai na chakula cha mchana kila siku ya kazi. Wanauliza mnaanza lini."

Paskalina alirudia maneno hayo kwa sauti. Jilala, aliyekuwa amemfuata mbio, alichukua simu.

"Kesho," alisema. "Tunaanza kesho."

Alfajiri aliondoka tena kwa barabara ileile ya Geita, baiskeli imebeba mabeseni. Paskalina hakumkimbilia. Alisimama mlangoni akapunga mkono.

Baada ya hapo mambo yalikwenda hivi. Kambi ile ilikaa misimu kadhaa, na nyingine mbili zikaja kwa njia ileile. Jilala hakuingia tena shimoni. Baiskeli aliibadilisha kwa pikapu kuukuu, na tindo ilitumika kuvunjia barafu ya samaki. Martina alimaliza shule, sasa ni muuguzi Mhunze. Marselino aliandikiwa na dada yake barua kali, akaomba msamaha, naye leo anatengeneza tovuti Dar es Salaam na anasoma saraka kabla ya kujaza. Rashi ile iliisha kama zilivyoisha nyingine. Waliokwenda, wengi walirudi na vumbi, na wawili hawakurudi. Mzee Lalji alifariki akiwa amenyanyua simu. Jinal aliolewa Tabora na akaendelea na kazi yake. Yule mwanamke wa Kanada hakuonekana tena. Baadhi ya zile saraka zimefungwa, nyingine zimekuja.

Kibao cha mlangoni hakikubadilishwa. Bado kimeandikwa Hoteli Shibe, na hakuna mtu wa Kahama aliyewahi kuingia pale akauliza kitanda.