Petroli ya Wakesho, Umeme wa Nehemiah

Jioni ya tarehe kumi na nne, kila mwenye gari mjini Voi alikimbilia kituo cha mafuta, maana bei mpya ilikuwa itangazwe usiku na hakuna aliyetarajia ishuke. Foleni ilianzia kwenye pampu ikamwagika hadi barabara kuu ya Mombasa. Malori yalipiga honi, wauza njugu walipenya katikati ya magari. Wakesho aliketi ndani ya Suzuki yake ya zamani, madirisha wazi, bado amevaa ovaroli ya kijani na gambuti zenye tope la zizi. Alikuwa daktari wa mifugo, mwenye duka la dawa karibu na soko, na siku hiyo alikuwa ameshinda Ndara akichanja ng'ombe wa ranchi.

Ndipo gari dogo jeupe likapita kando ya foleni bila mngurumo wowote, likasimama penye mashine ya upepo. Akashuka mwanamume mrefu mwenye kofia, shati lake jeupe limepigwa pasi likanyooka, akaanza kujaza magurudumu huku akiwatazama wenye foleni kwa huruma.

Wakesho akashindwa kunyamaza. "Kaka, umekuja kununua mafuta ama kutucheka?"

"Nimekuja kujaza upepo, dada. Mafuta niliacha mwaka jana."

"Na hiyo raha yote usoni, pia ni ya umeme?"

Akacheka, akasogea karibu na dirisha. Aliitwa Nehemiah, Mtaveta wa Bomeni. Aliajiriwa na kampuni moja ya Mombasa inayouza magari ya umeme, na kazi yake Voi ilikuwa kutafuta wanunuzi na kuangalia mashine ya kuchaji iliyowekwa katika ua wa hoteli. Wakesho alipofika kwenye pampu, Nehemiah alikuwa na nambari yake ya simu, na Wakesho mwenyewe alikuwa amesahau kwamba amechoka.

Walianza kwa kubishana. Nehemiah alidai gari lake linakula robo tu ya gharama ya Suzuki. Wakesho akasema huo ni uongo wa wauzaji. Wakakubaliana waende barabara moja, umbali mmoja, na atakayeshindwa anunue chakula. Walikwenda Mwatate na kurudi, kila mtu na gari lake. Jumamosi nyingine wakapanda Wundanyi kwa gari la Nehemiah. Kupanda mlima kulikunywa chaji vibaya, na Wakesho akaanza kumcheka, lakini walipokuwa wakiteremka kona kwa kona, betri ilijirudishia umeme yenyewe. Aliinama kwenye kioo cha dashibodi akatazama namba zikipanda, hakuamini macho yake.

Kwenye lami Wakesho alishindwa waziwazi. Pale alipotumia shilingi mia nne za petroli, Nehemiah alitumia mia moja za umeme, na hakuwa na oili ya kubadilisha wala plagi za kusafisha. Wakesho alinunua pilau, akafurahi kuilipia.

Baada ya hapo, simu zikawa za kila jioni.

"Umefika nyumbani, daktari wangu?"

"Daktari wako? Kwani una ng'ombe?"

"Sina. Lakini nina homa tangu ile siku ya foleni."

"Basi kunywa dawa ya minyoo, mpenzi," Wakesho alijibu, na neno hilo la mwisho likamtoka kabla hajalizuia. Nehemiah akamwomba alirudie.

Mambo yakaharibika kwa simu nyingine. Mwanamke aliyejitambulisha kama Rita, mkubwa wa Nehemiah kule Mombasa, alimpigia Wakesho akiwa dukani katikati ya wateja. Kwa sauti tamu alimshukuru kwa kufanya zile safari za majaribio na Nehemiah, akamuuliza kama angependa kulipa arbuni mwezi huo, kwa kuwa kulikuwa na punguzo. Wakesho alibaki ameshika chupa ya dawa ya kupe. Kumbe Mwatate, Wundanyi, pilau na vicheko vilikuwa ni biashara.

Nehemiah alipopiga jioni, Wakesho alimuuliza jambo moja tu. "Mimi ni mteja wako?"

"Ofisi ilijua kuhusu safari, ni kweli, lakini Wakesho, nisikilize..."

Wakesho alikata simu, na siku zilizofuata hakupokea tena. Alichukia zaidi kwamba kila jioni simu ilipolia, moyo wake uliruka kabla ya hasira kumjia.

Wiki chache baadaye petroli ikaadimika. Malori ya mafuta hayakufika, na vituo vyote vya Voi vikafunga pampu. Asubuhi moja Teresia, mjane wa Makwasinyi, akampigia Wakesho akilia. Ng'ombe wake wa pekee, ambaye maziwa yake ndiyo yaliyowaweka watoto shule, alikuwa akihangaika kuzaa tangu alfajiri. Miguu ya ndama ilionekana, kichwa hakikuja.

Mafuta ya Suzuki yasingemfikisha hata Maungu, katikati ya njia. Waendesha boda wote walikuwa wamekaa tu, matangi matupu. Wakesho aliitazama simu yake kitambo, kisha akapiga ile nambari aliyokuwa akiikwepa.

"Nehemiah, kuna ng'ombe anakufa Makwasinyi. Sina njia ya kufika."

"Niko njiani."

Hakuuliza lolote. Alifika kabla Wakesho hajamaliza kufunga mkoba wa vifaa. Njiani hawakuzungumza sana. Walipoacha lami wakaingia mawe na vumbi la Kasigau, Nehemiah alizima kipoza hewa ili kuokoa chaji, na Wakesho akaona jasho likimtiririka shingoni bila yeye kunung'unika.

Kichwa cha ndama kilikuwa kimegeukia nyuma. Wakesho aliingiza mkono hadi begani, akatafuta taya, akakigeuza polepole, akafunga kamba. Aliposema vuta, Nehemiah na Teresia walivuta. Shati jeupe likalowa damu na kinyesi. Ndama akaanguka kwenye majani, hapumui. Wakesho akamsugua kifua, akamtekenya pua kwa unyasi, hadi akapiga chafya.

Teresia aliketi chini akalia kwa shukrani. Alimshukuru Mungu, akamshukuru daktari, akamshika mikono Nehemiah na kumshukuru kwa kuleta gari lake hadi kwenye njia ile mbaya.

Chaji iliyobaki isingewarudisha Voi. Mchungaji wa kanisa la pale kijijini aliwaruhusu kuchomeka gari kwenye soketi ya kanisa, ambako umeme uliingia taratibu. Teresia akawaletea chai na viazi vitamu, wakaketi kwenye ngazi za kanisa mchana kutwa.

"Asante," Wakesho alisema. "Nilikukasirikia, na bado umekuja."

"Ulikuwa na haki. Ningekuambia mapema kwamba ofisi ilitaka nikuuzie." Nehemiah alifuta mikono kwa suruali. "Lakini tuliporudi kutoka Wundanyi nilimwambia Rita gari hili halikufai. Wewe kazi yako iko huku, hakuna pa kuchaji, miiba inakula magurudumu, na betri ikifa bei yake ni gari zima. Sikutaka likuache porini. Alikasirika, akakupigia mwenyewe. Sasa nimeacha kuuza, nimebaki na mashine ya kuchaji tu."

"Na mshahara?"

"Umepungua. Usingizi umeongezeka."

Wakesho alicheka, kisha macho yakamjaa machozi. Nehemiah akamshika mkono ambao bado ulinuka zizi.

"Wakesho, mimi sikutafuti kwa safari moja. Nataka kuja kwenu na wazee wangu, kama utakubali."

"Nakubali."

Hapo hapo Wakesho alimpigia mama yake kule Wundanyi, akamwambia atamletea mgeni. Mama akauliza ni wa watu gani. Akaambiwa ni Mtaveta wa Bomeni. Akauliza kama anasali, akaambiwa ndiyo. Kisha akaanza kuomba kwa Kidawida, lugha yao ya Kitaita, akimshukuru Mungu kwa sauti ya kutetemeka. Nehemiah hakuelewa hata neno moja. Alivua kofia yake, akainamisha kichwa karibu na simu, na mama alipomaliza, akaitikia amina.