Mkono wa Kushoto

Kila asubuhi, kabla ya kengele kulia, Kasuku alikuwa ameshafuta ubao na kukariri ukurasa mzima wa hesabu. Jina hilo alipewa na wenzake kwa sababu alichokisoma hakikumtoka kichwani. Mwenyewe alilipenda, bila kufikiri kwamba kasuku husema sana asichokielewa.

Wiki moja mwalimu wao hakuwa na raha. Alikuwa akihudhuria mafunzo ya walimu, ya kufundisha mtoto aelewe badala ya kukariri tu, na Alhamisi mkufunzi wake angekuja kumtazama darasani. Asiporidhika, mwalimu angerudia mafunzo yote. Hofu si mshauri mwema. Akawafanyisha mazoezi ya somo la siku hiyo, kisha akawapa siri.

"Nikiuliza, nyote nyoosheni mikono. Anayejua, wa kulia. Asiyejua, wa kushoto. Tumeelewana?"

"Ndiyo, Mwalimu."

Alhamisi mkufunzi, mama mmoja mpole, aliketi dawati la nyuma.

"Sita gawanya kwa nusu ni ngapi?" mwalimu akauliza.

Mikono yote ikapaa. Akachaguliwa Kasuku.

"Kumi na mbili, Mwalimu. Unaigeuza nusu iwe mbili, kisha unazidisha."

"Vizuri, mwanangu," mkufunzi akadakia. "Lakini si umegawanya? Mbona jibu limekuwa kubwa?"

Swali hilo halikuwemo kwenye mazoezi. Kasuku alimwona mwalimu wake akiigeuzageuza chaki mkononi, akamhurumia sana. Angeweza kurudia kanuni kwa sauti ya juu, pengine ingepita. Lakini moyo ulikataa. Taratibu akanyoosha mkono wa kushoto, na darasa zima likaangua kicheko.

"Mnacheka nini?" mkufunzi akauliza.

Kasuku akainamisha kichwa. "Kanuni naijua, Mama. Maana yake siijui."

Mwalimu akashusha pumzi. "Wanacheka kwa sababu mkono wa kushoto ni wa wasiojua. Niliwapanga mimi. Mtoto hana kosa."

"Basi endelea kufundisha," mkufunzi akasema. "Kipindi hakijaisha."

Mwalimu akaweka chaki mezani, akampa Kasuku karatasi sita. "Kila moja ichane nusu kwa nusu. Umepata vipande vingapi?"

"Kumi na mbili." Kasuku akavitazama vile vipande. "Kumbe tulikuwa tunauliza ndani ya sita mna nusu ngapi. Vipande ni vidogo, ndiyo maana vimekuwa vingi."

"Na tukichana robo?" mmoja akauliza, na mabishano yakaanza, kila mtu akitaka karatasi.

Kengele ilipolia, mkufunzi alimwambia mwalimu kwamba angerudi kumtazama tena, kwani mwanzo wa somo haukumridhisha, lakini mwisho wake ulimfurahisha. Mafunzo yote hakuwa na haja ya kuyarudia.

Mwalimu akawageukia wanafunzi. "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Anayeficha asichokijua atabaki nacho hivyo hivyo, awe mwanafunzi au mwalimu. Mimi niliogopa kuonekana sijui kufundisha, nikawafundisha kudanganya. Niwieni radhi, wanangu."

Hakuna mwalimu aliyewahi kuwaomba radhi. Wakatazamana.

"Tumekusamehe, Mwalimu," Kasuku akasema, na maneno hayo hakuyakariri popote.