Mnara Uliojifunza Kulala

Kila siku baada ya shule, Nguvan aliwapeleka mbuzi wa mama yake kwenye nyasi za pembeni ya mnara wa simu, nje ya soko la Tse-Ikor. Na kila siku mlinzi, Mzee Orkuma, alitoka na fimbo akifoka, "Tokeni hapa, mbuzi nyie!" Nguvan hakujua kama naye amehesabiwa.

Kwa miaka jenereta la mnara lilinguruma hata walimu wakafundisha kwa kupiga kelele. Kisha mafundi walikuja, wakafunga paneli za sola na betri kubwa, wakaenda zao. Tangu hapo jenereta likanyamaza mchana kutwa, na mtandao nao ukawa wa kusuasua saa ambazo wengi wako mashambani.

"Jenereta haliwaki, sasa dizeli inaliwa na nani?" watu wakaulizana.

Jumatano Nguvan alimwona Mzee Orkuma akikokota madumu mawili. Kisimani akawaambia wenzake, "Mzee anauza dizeli! Nimeinusa kwa pua yangu hii."

Pua yenyewe ilikuwa na mafua. Haikuwa imenusa kitu tangu Jumapili.

Siku ya soko aliwakuta watu wamejaa langoni mwa mnara. Terkula, muuza viazi vikuu, alikuwa amemburuta mzee nje kwa ukosi wa shati. Mchi wa kutwangia ukashuka mgongoni, puu! Mwingine akampiga teke la mbavu. Mzee akajikunja vumbini, damu ikimtoka sikioni.

"Mwizi! Dizeli yetu iko wapi?"

"Leteni tairi!"

"Binti wa Mama Iveren kainusa mwenyewe!"

Binti huyo alikuwa Nguvan. Wangemchoma mzee kwa maneno yake yeye. Akajitosa katikati ya watu. Kiwiko cha mtu kikampasua mdomo, lakini hakusimama.

"Nilidanganya! Sikunusa kitu!"

"Toka, we mtoto!" Terkula aliinua mchi tena.

Nguvan alilinyakua dumu lililokuwa limepinduka langoni, akafungua kifuniko, akaona maji matupu, akanywa. Alikunywa kwa mafunda makubwa, maji na damu vikichuruzika kwenye sare yake.

"Dizeli inanyweka, kaka Terkula? Haya, kunywa na wewe!"

Terkula alinusa dumu. Mchi ukamponyoka.

"Umesimama tu kama mwiko!" mama mmoja alimkemea. "Piga simu zahanati!"

Watu zaidi ya hamsini walipiga kwa mpigo mmoja, na mtandao uliokuwa unasinzia ukaamka wote. Nesi akafika kwa pikipiki mzee angali anapumua.

Wiki iliyofuata Terkula alikuwa rumande, na Nguvan amepiga magoti kando ya kitanda cha Mzee Orkuma.

"Yale maji ni ya kuoshea paneli," mzee alisema, mkono ukiwa kwenye plasta. "Zikishika vumbi, hazivuti jua. Na simu zikiwa chache, mnara huzima baadhi ya mitambo yake, umeme usipotee bure. Zikizidi, huiwasha tena. Ungeniuliza, ningekueleza."

"Nisamehe, baba."

"Nimekusamehe. Ila shika neno hili, mbuzi wangu." Alitabasamu, mbavu zikamuuma, akaacha. "Mnara ukikosa kazi hulala. Ulimi wako ulipokosa kazi, nusura uniue."