Pindo la Miaka Minne

Fundi huyu wa sare za shule watu humwita Mama Futi, kwa sababu futi ya kupimia haimtoki shingoni. Akienda sokoni, anayo. Akienda hospitali, anayo. Wanafunzi wote wa mtaa wamewahi kusimama mbele yake na kunyoosha mikono wapimwe.

"Mimi sihitaji kuambiwa nani ana shida," hupenda kusema. "Nguo haidanganyi."

Mume wake alikuwa mwalimu wa hesabu. Alipofariki, wanafunzi wake wa zamani walichanga fedha, wakamletea mjane. "Mama, msomeshe mtoto asiye na uwezo, kwa jina la Mwalimu." Mama Futi alilia kwa furaha. Fedha akaziweka kwenye simu yake, pamoja na za mboga na za nyuzi. Hakuna aliyemuuliza atamchaguaje huyo mtoto.

Siku ya tatu akaingia dukani mvulana mwenye suruali ya viraka. Viwili magotini, kimoja kikubwa nyuma. Mama Futi alimwonea huruma, akampa fedha za ada mkononi.

"Soma, mwanangu," alimwambia.

Wiki iliyofuata lori lilisimama mlangoni. Akashuka baba yake mvulana, mwenye malori manne.

"Mama, samahani sana. Huyu ana suruali tatu nzima kabatini. Viraka ni vya mpira na kuruka ukuta! Ada nimeshalipa zamani. Fedha zako amenunulia timu nzima viatu."

Akazirudisha zote palepale. Lakini maneno hayarudishwi. Habari zikaenea mtaani, na mmoja wa wanafunzi wa zamani akapiga simu. "Mama, tunakuheshimu. Lakini wengine tumeona tusubiri kwanza." Yaani hawachangi tena. Jina la Mwalimu likawa kichekesho mtaani, na hilo ndilo lililomuuma mjane wake.

Siku hizohizo akaja msichana mmoja, mteja wake wa zamani. Sketi yake ilikuwa safi, imepigwa pasi, haina hata tundu.

"Shikamoo mama. Naomba unishushie pindo."

"Marahaba. Hebu nione." Mama Futi akaigeuza sketi. "Mwanangu, hapa hakuna kitu tena. Nimeshusha mara tatu. Mwambie mama anunue nyingine."

"Basi iache tu, mama. Naivaa mpaka mwisho wa mwezi. Halafu naacha shule."

"Unaacha? Kwa nini?"

"Ada. Mama anaumwa mgongo. Hawezi tena kufulia watu nguo."

Mama Futi aliitazama ile sketi. Alama za mapindo matatu zilionekana wazi, moja juu ya nyingine. Ni mikono yake mwenyewe iliyoyashusha. Mtoto alikuwa na sketi moja tu, akiifua kila jioni, na yeye fundi hakuliona hilo. Alijisikia vibaya sana.

Jioni akaenda kwa jirani, karani mstaafu wa shule, aliyekuwa rafiki wa Mwalimu. Kila karatasi yake ina faili, basi watu wakamwita Bwana Faili.

"Shemeji, nimeharibu. Lakini sasa nimempata mtoto wa kweli. Nampa leo hii!"

"Kwa nini huyo?"

"Nimemwona kwa macho yangu."

"Na yule wa viraka ulimwona kwa kisogo?"

Bwana Faili akamvutia kiti.

"Huna kosa la moyo, shemeji. Kutoa ni moyo, nao unao. Lakini fedha za watu zisikae kwenye simu ya mtu mmoja, hata awe malaika. Tuunde kamati ya watu watano. Tuandike kanuni: mtoto gani anastahili, nani anaamua. Tuusajili mfuko. Tuufungulie akaunti kwa jina lake, isitoke hata senti bila saini tatu."

"Na mtoto?"

"Atajaza fomu, kama wenzake. Mwalimu mkuu atathibitisha. Wawili wetu watafika kwao, kwa heshima, si kuchungulia sufuria. Ada itakwenda shuleni moja kwa moja. Na kila muhula tutawaandikia waliochanga: kimeingia nini, kimetoka nini. Jina la mtoto tusilitangaze. Shida ya mtu si tangazo."

"Tuchukue watoto wangapi?"

"Wale tunaoweza kuwafikisha mwisho. Heri mmoja amalize kuliko watatu waanze."

"Na mwezi ukiisha kabla hatujamaliza hayo yote?"

"Nitamwomba mwalimu mkuu awavumilie wote watakaoomba. Ananisikiliza yule."

Zilikuja fomu kumi na moja. Siku ya kuamua, Mama Futi alifika mapema, futi shingoni.

"Wewe una mtu wako tayari," alisema Bwana Faili. "Toka nje."

"Shemeji! Mfuko ni wa mume wangu!"

"Na kanuni umeisaini wewe."

Ni kweli, aliisaini. Mwenye upendeleo haamui. Akatoka, akakaa kwenye benchi, akawa anaikunja futi na kuikunjua. Aliogopa. Wakimchagua mwingine, msichana yule ataacha shule, na yeye hana la kufanya.

Mlango ukafunguliwa.

"Ni yeye," alisema Bwana Faili. "Hakuna aliyempita kwa shida wala kwa bidii. Na fedha zilizopo zinatosha miaka yake minne iliyobaki. Wale kumi tunawaandikia barua waombe tena."

Mama Futi alijifuta macho kwa ncha ya futi.

Barua ya kwanza ilipowafikia waliochanga, michango ilianza tena. Wa kwanza kutoa alikuwa yule baba mwenye malori. Mwaka uliofuata, mtoto wa pili akapata nafasi.

Lakini kabla ya hapo, msichana aliitwa dukani. Mama Futi alimpima, akakata kitambaa kipya.

"Hii si ya mfuko," alimwambia. "Hii ni yangu mwenyewe."

Msichana akaivaa sketi. Akainama, akashika pindo, akashangaa.

"Mama, mbona pindo pana hivi?"

"La miaka minne hilo," alisema Mama Futi. "Wewe kua tu."