Sauti ya Binti wa Kwenye Bango

Maziwa yalianza kumwagika kabla Sinchana hajamaliza kuvuka barabara. Juu ya jumba la sinema la Gandhinagar, vijana walikuwa wamemkwea steringi wa kadibodi, mrefu kama ghorofa tatu, shingo imezama kwenye mashada ya maua, nao wanammiminia maziwa kichwani ndoo kwa ndoo. Chini ngoma zinapigwa, fataki zinalipuka, askari anapuliza filimbi asikilizwe na nani. Tone moja likamdondokea Sinchana begani, kwenye sari yake ya pamba ya rangi ya haradali.

"Umeshabarikiwa, dada," alisema kijana mwenye shati jekundu, kipaza sauti mkononi. "Sasa lazima useme filamu ni nzuri."

"Sijaiona hata."

"Hawa nao hawajaiona, na wameshasema."

Sinchana akacheka bila kutaka. Kijana huyo aliitwa Likhith. Kila Ijumaa alisimama kwenye malango ya majumba ya sinema ya Bengaluru, akiwahoji watu wanaotoka onyesho la kwanza, kisha akatoa hukumu yake mwenyewe mtandaoni. Siku hiyo, watu walipotoka, aliwaacha wote wapite akamngoja mmoja tu.

"Enzi ya bibi yangu," Sinchana akamwambia, "walichukua riwaya wakaifanya filamu, na mwanamke ndani yake alikuwa na akili na maneno. Enzi ya baba wakachukua filamu za majirani zetu Watamil, wakabadilisha masharubu. Leo steringi anaua kijiji kizima, vumbi linaruka, na mwanamke anaulizwa kama chakula kimeiva."

"Na zile ndogo za vijana wapya, zisizo na steringi?"

"Hizo nazipenda. Lakini nani anazimwagia maziwa?"

Likhith alisahau kuuliza swali lililofuata. Akaomba namba ya simu.

Mvua za mwaka ule zilinyesha juu ya mapenzi yao. Walikula chapati za dosa wamesimama, wakanywa kahawa moto mpaka ndimi zikababuka, wakabishana kuanzia kituo cha treni hadi mlangoni kwa bibi yake Sinchana, aliyemlea. Likhith alitetea filamu kubwa za siku hizi: zamani Kikannada, lugha yetu, kilidharauliwa hata Chennai kwa Watamil, leo nchi nzima inapanga foleni kututazama. Sinchana alimjibu kwamba wanatazama bunduki, si lugha. Wakinuniana, simu ililia kabla ya chakula cha jioni, na aliyepiga alijifanya amekosea namba.

Jambo moja tu Sinchana alimficha. Mabinti wa filamu kubwa huletwa kutoka Mumbai, hawajui hata kuomba maji kwa Kikannada. Sauti zao huingizwa studio na wasichana wa hapa, na desturi ya kazi ni kwamba mwenye sauti anyamaze, mashabiki wasizinduke kwenye ndoto yao. Sinchana alikuwa mmoja wa wasichana hao. Likhith alijua tu kwamba anafanya kazi studio.

Ikaja filamu ya sikukuu ya Dasara, na jioni Likhith akatoa hukumu. "Huyu aliyemwingizia binti sauti ameiua filamu. Anaongea kama anasoma bili ya umeme. Bibi zetu wangetoka nje."

Sinchana aliitazama hukumu hiyo akiwa ameketi na bibi yake. Bibi, aliyemjua kwa sauti hata kwenye giza, aligeuka akaangalia ukuta.

Simu ya Likhith ikalia. "Bwana wangu, umeshakula?" ikauliza sauti nyembamba ya mwanasesere.

"Nani mwenzangu?"

"Bili ya umeme."

Sinchana akarudi kwenye sauti yake. "Ule mstari wa kumuaga mume nilimsomea mwongozaji mara tatu, una uhai kabisa. Akaniambia, punguza dada, watu hawakuja kumsikiliza mwanamke."

"Naifuta sasa hivi, mpenzi."

"Usifute. Ni kweli sauti imeoza. Kinachoniuma, uliona uozo ukatafuta wa kumlaumu, na uliyemwona ni mwanamke asiye na jina." Akakata.

Hakupokea simu zake tena. Mwishowe Likhith alimwandikia: Ijumaa nitasimama langoni nijisahihishe. Nitaje jina lako au nisilitaje? Sinchana alisoma, akasoma tena. Likitajwa, studio zinaweza kumfungia milango. Lisipotajwa, atabaki kuwa bili ya umeme maisha yake yote. Hakujibu.

Ijumaa Likhith akasimama. Hakutaja jina. Alisema alikosea, kwamba walioiua filamu ni waliomnyang'anya mwanamke maneno ili steringi apate nafasi ya kunguruma. Mashabiki wakamzunguka. Mmoja akamkamata ukosi.

"Unamtukana kaka yetu?"

"Mwachie," ikasema sauti nyuma yao. Sinchana alikuja na sari ya hariri ya kijani, asumini kwenye nywele, uso umemwaka. Akachukua kipaza sauti. "Sauti ya binti ni yangu. Naitwa Sinchana."

Wakacheka. "Thibitisha basi."

Akausema mstari ule, kama alivyousema mwanzo studio kabla hajaambiwa apunguze. "Nenda. Lakini ukirudi, usitegemee kunikuta mlangoni nikikungoja. Utanikuta naishi."

Ngoma zilinyamaza zenyewe. Kisha mluzi mmoja, halafu kumi, halafu lango zima. Aliyeshika ukosi akauachia, akaunyoosha kwa kiganja.

"Mbona kwenye filamu hukusema hivyo, dada?"

"Muulizeni mwongozaji."

Simu yake ikalia mkobani: studio. Akaiacha ilie mpaka ikachoka. Likhith alisogea karibu.

"Watakufungia milango."

"Wenye zile filamu ndogo nao wana masikio."

"Sinchana, nataka kukuoa."

Mashabiki wakaanza kumsihi Sinchana kwa niaba yake.

"Njoo Jumapili na mama yako," akasema. "Lakini bibi hatakuuliza nyota yako ya kuzaliwa. Atakuuliza filamu za enzi zake, moja baada ya nyingine. Ukifeli, mimi simo."

"Nisaidie basi, nianze na ipi?"

"Twende," akasema Sinchana, akamshika mkono, "nitakusimulia njiani."