Uzito wa Mama Mkwe

Harufu ya klachi inayoungua ilipoanza, Husni alijifanya hakuinusa. Mbele yake matope yalimetameta hadi kwenye mikoko. Nyuma ya pikapu, juu ya trela, alikuwa akivuta boti la faiba lenye ufa ubavuni, lipelekwe kwa fundi kijijini Chundwa. Na ndani ya boti? Mifuko ya saruji, friza kuukuu na kinu cha mvule. Vyote vya mama mkwe wake, Bi Khairiya, aliyekaa kiti cha kando amenyoosha shingo kama kadhi.

"Boti tupu ni kubeba upepo," Bi Khairiya alisema asubuhi pale Mtangawanda, akaamuru kila kitu kipakiwe tezi, nyuma kabisa. Maisha yake yote alipanda maboti, na boti hupakiwa nyuma ili pua ipae juu ya mawimbi. Husni aliliona kosa papo hapo. Trela si boti: ukilijaza nyuma linakuwa pembea, mkono wake wa mbele unapanda na kuinyanyua pikapu matakoni. Lakini mkwe ni mkwe. Tangu amuoe Huwaida, Husni hakupata kumwambia mama huyu neno zaidi ya "naam" na "ahsante, nimeshiba," hata siku ambazo tumbo lilikuwa likimpigia ngoma. Akasema naam. Na kwa kuwa mzigo ule usingepanda mchanga wa njia ya juu, akakata matopeni, njia ya wenye punda, inayopitika maji yakiwa yamekupwa tu.

Sasa tairi za nyuma zilizunguka bila kushika, zikajichimbia shimo. Rejeta ikapiga chafya, mvuke ukafunika kioo. Husni akazima injini.

Kaa walitambaa matopeni, na mbali ulisikika mlio wa maji yakirudi.

"Bwana Husni, maji yanajaa."

"Naam."

"Na yeo ni bamvua, maji hujaa kupita siku zote."

"Naam."

"Hizo naam zako haziyazuii."

Husni akashuka, matope yakamfika magotini. Simu haikuwa na mtandao. Mkondo waliouvuka nyuma ulikuwa umeshajaa, hakurudiki. Akajaribu kuling'oa trela aliache, lakini pini ya ndoano ilikazwa na ule mvuto wa kwenda juu, ikagoma hata kwa nyundo. Akaitazama pikapu yake. Miaka mingi alibebea wageni mabegi pale Ras Kitau ndipo akaipata. Ndiyo ilikuwa unga, mafuta na karo ya nyumba yake. Maji ya chumvi yakiingia injini, kesho ataamka mtu asiye na kazi, akijaaliwa kuamka.

Akamgeukia mkwewe, macho yake kwenye tairi.

"Mama, mzigo umepakiwa vibaya."

"Ati?"

"Nyuma kumezidi. Trela linainua gari, tairi hazina uzito wa kushika."

Bi Khairiya akaangalia matako ya pikapu yaliyobenuka, akaangalia boti lililoinua pua juu. "Umeliona lini?"

"Mtangawanda."

"Mtangawanda! Na ukanyamaza hadi tufike kati ya bahari?"

"Wewe ni mama mkwe."

"Mama mkwe ni jini? Panda huko, usukume hiyo friza mbele!"

Akapanda. Mkanda uliolifunga boti, alipoulegeza, ukafyatuka na kuchana kiganja chake. Damu ikatiririka juu ya faiba nyeupe. Bi Khairiya akararua upindo wa mtandio wake, akamfunga kwa nguvu hata Husni akaona nyota.

"Vidole vinacheza?"

"Vinacheza."

"Basi sukuma."

Friza ikasogea hadi kwenye omo, mbele kabisa. Kinu kikafuata. Mifuko mingi ya saruji akaihamishia kwenye bodi ya pikapu, juu ya tairi za nyuma, mmoja mmoja, mgongo ukimlia. Maji yakafika nusu ya tairi.

"Kigumu ki wapi, mama?"

"Upande wa kibla, penye mkoko ule mkavu. Chini ni jiwe." Bi Khairiya akafunga leso kiunoni, akaingia majini na fimbo, akipapasa na kuchomeka vijiti vya kuonyesha ndia. Aliporudi alikuwa ameloa hadi kifuani, anatweta.

Likabaki dumu moja la maji matamu. Rejeta ilikuwa kavu, na midomo yao pia. Husni akalishika, akasita.

"Ipe gari," akasema Bi Khairiya. "Mimi nimezoea kufunga."

Injini ilikuwa imepoa kidogo. Akamimina polepole hadi tone la mwisho. Kisha akaangalia mifuko minne iliyobaki botini, saruji ya jiko ambalo mama huyu amelililia tangu paa lake lianguke.

"Tairi zinahitaji cha kukanyaga, mama. Saruji itapotea."

Bi Khairiya akafumba mato, akayafumbua. "Tandika."

Akaitandika mbele ya tairi. Ndoano ikabonyea, lakini si kwa kutosha. Husni akajikuna kisogo kwa mkono mzima.

"Mama, bado... nyuma panataka uzito kidogo."

"Waniita mzito, Bwana Husni?"

Maji yalikuwa yakilamba mlango. Ekzosi ilikuwa chini ya maji.

"Naam," akasema Husni.

Bi Khairiya akacheka hata fimbo ikamponyoka, akapandishwa kwenye bodi, akakaa juu ya saruji kama bibi harusi. "Haya. Nimekaa na dhambi zangu zote!"

Injini ikawaka, ekzosi ikigugumia. Gia ya kwanza. Husni aliachia klachi taratibu, na hakuigusa tena. Tairi zikauma mifuko, mifuko ikapasuka, vumbi na matope vikaruka, pikapu ikatetemeka kama mwenye homa, ikasogea. Maji yaliyofika chini ya boti yakalipunguzia trela uzito kidogo. Kijiti cha kwanza. Cha pili. "Usisite!" Bi Khairiya alipiga kelele, mikono imekamata bodi. "Bismillahi, usisite!" Kisha chini ya tairi likagota jiwe, na pikapu ikapanda nti kavu, boti likifuata, maji yakichuruzika kila upande.

Husni akaegemea usukani.

Bi Khairiya akagonga paa. "Twende, jua lazama! Chundwa si mbali!"

"Hapana, mama. Gari lipoe kwanza."

Ilikuwa hapana yake ya kwanza, na ilimtoka kubwa. Akangoja radi. Bi Khairiya akashuka, akakamua leso, akaketi juu ya jiwe na kunyoosha miguu.

"Alhamdulillahi," akasema. "Miaka yote hii nalidhani binti yangu ameolewa na bubu."