Kidude Kinachohisi Chuma

Jirani wa familia ya Mama Pacha, Mama Habari, alidai kwamba mashine ya kukandia unga wa mikate yao ilitaka kummeza bibi wa nyumba hiyo mzimamzima. Eti ilimvuta hadi begani, kisha ikamtema.

Mama Pacha alikuwepo. Yaliyotokea ni haya. Bibi huyo, mama mkwe wake, alifunua kifuniko cha mashine ili akwangue unga uliogandia pembeni. Miaka yote walifanya hivyo: ukifunua, mashine inajizima. Safari hii haikujizima. Ilinasa mkono wa gauni, ikauchana hadi kwenye kiwiko. Mama Pacha aliwahi kuchomoa waya wa umeme.

"Vidole vyangu vyote vipo?" bibi aliuliza.

"Vyote, mama."

Lakini Mama Pacha hakutulia. Kwa nini leo? Akachungulia ukingoni mwa mashine. Aliona kidude cheusi, kidogo kama kidole gumba. Juu yake palifungwa bawaba kuukuu ya chuma kwa mpira.

"Baba Pacha, hii nini?"

Mumewe alijikuna kisogo. "Kifuniko cha chuma kililiwa na kutu, jana nikatengeneza cha mbao. Mashine ikagoma. Nikafunga hiyo bawaba, ikakubali."

"Na hukutuambia!"

Fundi wa mashine alipofika, alitikisa kichwa. "Umeidanganya. Hiki ni kihisi. Ndani kina sumaku. Chuma kikisogea karibu, kinatambua bila kuguswa, kinairuhusu mashine izunguke. Chuma kikiondoka, kinaizima. Wewe umekifungia chuma. Kinadhani kifuniko kipo muda wote."

Akatoa bawaba, akavua mkanda wa mota ili mashine isizunguke, ndipo akawasha umeme. "Haya, kijaribuni."

Mama Pacha alisogeza ubao. Taa ndogo iliyo kwenye kihisi haikuwaka. Akasogeza sufuria ya alumini. Kimya. Akaleta kipande cha nondo. Taa ikawaka kabla hakijagusa! Akakirudisha nyuma, ikazimika.

"Kumbe! Kinahisi kwa umbali wa upana wa kidole tu!"

"Shemeji, umeelewa haraka kuliko bwana wako," fundi akacheka.

Wiki hiyohiyo walifunga kifuniko kipya cha chuma. Ukikifunua, mashine inasimama papo hapo.

"Lakini zima swichi kwanza," fundi alionya. "Kihisi ni mlinzi wa pili."

"Mimi nitazima mara mbili," bibi akajibu.

Fundi alipoaga, Mama Pacha alimgeukia mumewe. "Jumamosi fundi anafungua mashine nyingine. Nataka nikaone ndani. Utakanda peke yako, mume wangu?"

Baba Pacha alitazama magunia ya unga, kisha akamtazama mama yake. "Mwache aende akajifunze," bibi akasema, "mimi nitakusaidia kukanda."